Noti Niliyoinyoosha

Jumamosi iliyopita tulimzika Mwalimu Method Luambano kule Ruhuwiko, na tangu nirudi nyumbani sijagusa kompyuta kwa kazi nyingine isipokuwa hii. Wanaonisoma mtandaoni wamezoea niwaletee programu mpya, au somo la namna ya kutengeneza kitu, halafu mwishoni niseme chukueni, ni bure, rekebisheni mnavyotaka. Leo sina somo. Nina mwaka mmoja wa kusimulia, na mwaka wenyewe haunipendezi. Niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Kila ninachokijua nimekipata kwa kufungua kitu na kukirudishia, kwanza redio, baadaye simu, baadaye kompyuta, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo, maana wapo wenye digrii zao wanaonipigia simu kuniuliza. Nalisema mapema ili msomaji ajue nilikuwa mtu wa namna gani mwaka ule. Nilikuwa nimejifundisha peke yangu, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kuniambia hapo umekosea, na nilishaanza kuamini kwamba kama hakuna anayeniambia, basi sikosei.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita na sikuwa na mke, na kwetu mtu wa hivyo wanamwita kijana hata kama mvi zimeshachungulia. Nilipanga chumba cha biashara Mjimwema, hapa Songea, mlangoni nikaandika kwa rangi ya mafuta: STESHENERI, KUCHAPA, KOPI, FUNDI SIMU. Ndani kulikuwa na kompyuta moja ya mezani niliyoifunika kwa kitenge, mashine ya kopi yenye tabia ya kumeza karatasi, benchi la wateja, na nyuma ya pazia kitanda changu na jiko la mafuta ya taa. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma yake alikaa Mzee Rashidi, mtu wa Nalasi kule Tunduru, akikaanga na kuuza korosho. Kila karatasi iliyotoka kwangu mwaka ule ilinukia korosho. Watu waliipeleka kanisani, ofisini na mahakamani na harufu yake hivyo hivyo. Mzee Rashidi alikuwa anaongea na mteja aliye mbele yake kana kwamba yuko ng'ambo ya mto, basi nikawa najua habari za nusu ya mji bila kutoka nje, na yeye akawa anajua zangu zote.

Kilichonilisha ni nyimbo. Kila parokia hapa ina kwaya, wakati mwingine mbili zisizopatana, na kila kwaya ina mwalimu mwenye daftari la kaunta lililojaa solfa, yaani zile do re mi zilizoandikwa kwa herufi, sauti nne moja chini ya nyingine, zimetenganishwa kwa nukta na mistari ya kusimama. Hebu jaribu kuzichapa kwa programu ya kawaida ya kuandikia barua. Ukiongeza herufi moja kwenye sauti ya kwanza, sauti tatu zilizobaki zinahama, maneno yanakimbilia upande wake, na wimbo wa ukurasa mmoja unakula siku nzima. Walimu walikuwa wanakaa kwenye benchi wakinisimamia mgongoni. "Hapo umeniua, fundi, hiyo so ni ya nusu pigo." "Fundi, alto wangu amehamia kwa besi." Mwalimu Luambano hakuwa wa hivyo. Alikuja mara ya kwanza na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," nikaitika, akaliweka mezani kama mtu anayelaza mtoto, akaniambia, "Ukishachapa, uje nalo nyumbani Jumapili. Utakula hukohuko."

Nikaenda, na baada ya hapo nikawa naenda kila Jumapili. Hadi leo naweza kukuchorea sebule ile. Makochi yamevaa vitambaa alivyofuma Mama Editha, mke wake. Ukutani kuna kalenda ya misheni iliyokwisha miaka mitatu nyuma, haikuondolewa kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Kwenye kona kuna kinanda cha umeme chenye vitufe viwili vilivyokufa, na Mwalimu akifika kwenye kitufe kilichokufa alikuwa anakiimba kwa mdomo, kisha vidole vinaendelea na safari. Mama Editha alisonga ugali mgumu, akaweka dagaa wa Nyasa waliokaangwa na nyanya na majani ya maboga yenye karanga, halafu akasimama na mwiko mkononi kuhakikisha nakula. "Gaspari, kula, mwanangu. Wewe unaishi kwa chai na umeme." Mwalimu alikuwa anakula polepole, na katikati ya tonge anasimama, anasikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii, kisha anatafuna tena. Nilidhani ni uzee.

Jumapili moja nilimkuta mgeni, mwalimu wa kwaya wa parokia ya mbali, amekuja kwa baiskeli kunakili wimbo. Alikula, akanawa, akakaa mezani na penseli hadi saa tisa alasiri. Alipomaliza Mwalimu akamwambia, "Haya, nirudishie." Yule mtu mzima akasimama katikati ya sebule, akaimba sauti ya kwanza peke yake mpaka mwisho, akaimba ya pili, ya tatu, na ya nne kwa shida kwa sababu besi hakuwa nayo. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye sauti ya tatu akanyoosha kidole, mgeni akafuta, akaandika tena, akaimba tena. Ndipo Mwalimu akachukua penseli na kuandika pembeni ya karatasi herufi mbili, M.L. Mgeni alipoondoka nikauliza hiyo ni sheria ya kanisa au ya nani. "Yangu," akasema. "Kila anayenakili anakosea mahali. Nataka kujua amekosea wapi kabla watu mia hawajalikariri kosa lake. Wimbo usiorudishwa kwangu, mimi siutambui." Nilimwitikia kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Mtu anaendesha baiskeli siku nzima kwa ajili ya ukurasa mmoja, halafu anaimbishwa kama mtoto wa komunyo. Nikajiambia dawa ya haya yote ninayo.

Mvua zilipoanza na wateja wakapungua, nikaiandika. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza kilichokatika jalada, na kamusi, na kichwa kigumu. Nikatengeneza programu ambayo unaiandikia herufi za solfa tu, yenyewe inapanga sauti nne zikae sawasawa, na ukibonyeza inakupigia wimbo kwenye spika. Nikaipa jina Kwaya Safi. Nikaiweka mtandaoni pamoja na maandishi yake yote ya ndani, yale yanayoiambia kompyuta ifanye nini, ili mtu yeyote ayachukue na kuyarekebisha bila kuniomba. Hiyo ndiyo inaitwa programu huria. Nikafungua na ukurasa wa kuandika makala kwa Kiswahili, kwa sababu mimi nilipata shida na kamusi na sikutaka mwingine aipate.

Mzee Rashidi akaniuliza kupitia ukutani, "Kwa hiyo umetengeneza mtambo, halafu unaugawa?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kwa nani?"

"Yeyote."

"Huyo Yeyote unamjua?"

"Simjui."

"Astaghfirullah. Mimi nikimpa korosho nisiyemjua, kesho anarudi na gunia."

"Cha kwangu hakipungui nikigawa."

"Ndiyo ubaya wake," akasema. "Zangu zinapungua, kwa hiyo naangalia nampa nani na nampa nini. Wewe hutaangalia."

Nikamwona mshamba. Nimeshika sana maneno yake tangu Jumamosi.

Kitu nilichojivunia kuliko vyote ndani ya Kwaya Safi kilikuwa mstari mwekundu. Noti za kawaida ni saba, do mpaka ti. Mimi nilijua muziki kwa kuuchapa, basi nikaiambia programu: noti yoyote isiyo mojawapo ya hizo saba, ipigie mstari mwekundu, ni kosa. Nilishaona makosa mengi ya kweli kwenye madaftari ya watu na mstari ule ukayakamata. Sasa Mwalimu alikuwa ameniletea wimbo mpya, Ulinikuta Shambani, alioutunga kwa ajili ya jubilei ya miaka ishirini na mitano ya upadre wa paroko wake. Alisema, "Huu uchape, lakini ukae kwako mpaka nije nikuambie." Nikauchapa. Kwenye maneno "jembe limenilemea," sauti ya tatu, mstari mwekundu ukatokea. Aliandika ta. Kwa asiyejua, ta ni noti iliyo nusu hatua chini ya ti, imekaa kama mtu aliyeinama. Nikaipiga kwenye spika, nikaona inakwaruza. Nikakumbuka kinanda chake na vitufe vyake viwili vilivyokufa, nikasema mzee ameandika asichokisikia. Nikaifuta, nikaweka ti. Mstari mwekundu ukaondoka na ukurasa ukawa mweupe kabisa. Niliangalia ule weupe nikaridhika.

Kisha nikauweka mtandaoni pamoja na nyimbo zake nyingine tatu, ziwe mifano ya kujaribia programu. Najua aliniambia ukae kwangu. Lakini mtandaoni kwangu mimi mwaka ule kulikuwa ni mbali, ni kwa watu wa Mwanza na Ulaya, sikuwaza kwamba mtu wa Songea anaweza kufika kule kabla yangu. Mwanza ndiko alikokuwa mtengeneza programu mmoja anayejiita Pweza, ambaye hadi leo hatujaonana uso kwa uso, na ndiye aliyekuwa ananisaidia kurekebisha mambo madogo. Akaniandikia: "Kaka Gaspari, hizi nyimbo za mfano ni za nani? Mwenyewe ameruhusu?" Nikamjibu kwa sentensi mbili ambazo bado zipo, mtu yeyote anaweza kuzisoma: "Ni za mwalimu wangu. Nakula kwake."

Ningeishia hapo pengine ningesamehewa. Sikuishia hapo. Nikaandika makala, nikaipa kichwa "Makosa ya Walimu Wetu wa Kwaya, na Jinsi Kompyuta Inavyoyaona." Mfano wa kwanza nikaweka Ulinikuta Shambani. Jina la Mwalimu sikulitaja, lakini jina la wimbo nililiacha palepale, na niliandika hivi, nanukuu ili nisijipunguzie: "Hapa mtunzi, ama kwa umri, ama kwa kinanda kibovu, ameweka noti isiyokuwepo. Programu imeigundua na kuinyoosha." Makala ile ilisomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu wakaanza kuniita mtaalamu. Mmoja aliyesema anafundisha muziki chuoni aliandika, "Kazi safi sana, wazee wetu wanahitaji msaada kama huu." Mimi wa darasa la saba, mtu wa chuo ananiambia kazi safi. Nilimsomea Mzee Rashidi maneno yale kwa sauti, akasema, "Na huyo mzee mwenyewe anasemaje?" Nikajifanya sijasikia.

Mzee mwenyewe alikuja Jumatatu asubuhi. Katika kwaya yake alikuwapo Osmundi, karani, mwenye mtandao ofisini. Aliichapa makala, akaenda nayo mazoezini akaisoma mbele ya wenzake akidhani ni kichekesho, na alipofika kwenye jina la wimbo ndipo akagundua yuko peke yake anayecheka. Hayo alinisimulia Osmundi mwenyewe baadaye. Mwalimu aliingia kwangu ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Washa hiyo mashine unipigie wimbo wangu."

Nikaupiga. Alisikiliza akiwa amesimama, benchi liko tupu pembeni yake. Akaniambia nirudie ubeti wa kwanza, nikarudia.

"Pale kwenye limenilemea, sauti ya tatu, mimi niliandika nini?"

"Uliandika ta, Mwalimu. Ilikuwa imekosewa, nikainyoosha."

"Nani alikwambia imekosewa?"

"Programu."

"Programu aliiandika nani?"

"Mimi."

Ng'ambo ya ukuta mwiko wa Mzee Rashidi uliacha kukoroga. Nilisikia korosho zinaanza kuungua na hakuna anayezigeuza.

"Imba," Mwalimu akasema. "Imba hiyo sauti ya tatu kwa ti yako."

Nikaimba. Sauti ya kusifiwa sina, lakini nilifika.

"Sasa imba kwa ta."

"Mwalimu, nina kazi za watu hapa."

"Imba, Gaspari. Nirudishie."

"Hapa si kanisani, Mwalimu."

Akageuza kofia mkononi. "Mtu amelemewa na jembe," akasema, polepole, kama anamweleza mtu mgumu wa kuelewa. "Yuko shambani, amechoka, mgongo umekataa. Ndipo Bwana anamkuta. Wewe umelifanya jembe langu liwe jepesi. Sasa Bwana anamkuta mtu ambaye hana shida yoyote. Anamkuta wa nini?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Mwalimu, usikasirike, kinanda chako kina kitufe kilichokufa palepale. Huenda hukusikia."

"Kilichokufa ni ti," akasema. "Ta nilikuwa nayo nzima."

Akaniambia niuondoe wimbo huko nilikouweka. Nikamjibu kitaalamu, kwamba kitu kikishatoka mtandaoni hakirudi, watu wameshauchukua. Ni kweli ulishachukuliwa. Ila nakala yangu mimi ningeweza kuirekebisha dakika ileile akiwa amesimama pale, na makala ningeweza kuifuta kabla hajafika barabarani. Sikufanya hivyo kwa sababu makala ilikuwa bado inasomwa. Alitoka nje, jua la saa nne, kofia bado iko mkononi. Mzee Rashidi hakusema neno lolote siku ile, na kwa mtu yule hilo lilikuwa tusi tosha.

Mwezi wa nane ikafika jubilei. Walipika pilau na mbuzi, turubai zikafungwa uwanja mzima wa kanisa, kwaya zikaalikwa kutoka parokia za mbali. Mimi nilikwenda kama watu wengine, nikakaa nyuma. Kwaya ya tatu kupanda ilikuwa ngeni kabisa kwangu, wamevaa sare za kijani, na mwalimu wao alipoinua mikono wakaanza: "Ulinikuta shambani." Karatasi walizoshika nilizitambua kwa mpangilio wake kabla sijasikia noti. Waliimba vizuri, niseme ukweli. Walipofika kwenye limenilemea sauti ya tatu ikapanda juu kwa ti, nyeupe, ya furaha, na akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi, nikiwa na mfupa wa mbuzi mkononi, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa fahari. Kazi yangu imefika mpaka kwa watu nisiowajua. Nimekaa na aibu ya fahari ile miaka yote hii, na ni hiyo inayonichoma kuliko kosa lenyewe.

Mshereheshaji akatangaza kwamba mtunzi wa wimbo huo mtamu yumo humuhumu, asimame tumwone. Mwalimu Luambano alikuwa mbele na kwaya yake, walikuwa wa kufuata, na wimbo wao wa siku ulikuwa huohuo. Akasimama. Watu wakampigia makofi kwa noti ambayo hakuiandika. Aliinamisha kichwa kidogo, akaketi, kisha akainuka tena, akapita mstari kwa mstari akikusanya karatasi kutoka kwa waimbaji wake, akazikunja mara nne, akaziweka mfukoni. Walipopanda waliimba wimbo wa zamani ambao kila mtu anaujua. Mama Editha alikuwa amekaa na akina mama wa parokia. Makofi yalipopigwa yeye mikono yake ilikuwa mapajani.

Jumapili iliyofuata sikwenda Ruhuwiko. Hakuna aliyenikataza. Nilipika ugali wangu nyuma ya pazia, ukatoka mbichi, nikaula. Mwisho wa mwaka Mwalimu akaacha kwaya, akasema macho yamechoka. Mwezi wa kumi na mbili, nikiwa natafuta faili jingine, nilifungua kwa bahati mbaya nakala ya kwanza kabisa ya wimbo, ile niliyoichapa kabla ya kuinyoosha, nikaipiga kujaribu spika mpya. Ta ikaja. Mkono wangu ukasimama hewani. Mara ile niliposikia inakwaruza nilikuwa nimesikiliza noti moja peke yake. Sasa nilikuwa nimeusikia wimbo mzima jubilei, nimeubeba kichwani miezi minne, na pale ta ilipoanguka nilisikia uzito wa jembe. Kitu kizima kikainama pamoja nalo, kisha ubeti uliofuata ukanyanyuka ukiwa na sababu ya kunyanyuka. Nikaipiga mara saba au nane. Halafu nikairekebisha nakala iliyoko mtandaoni, nikaifuta ile makala. Katika kazi hizi zetu, ukibadilisha kitu unatakiwa uandike sababu ya badiliko, ili wanaokuja nyuma waelewe, na nafasi ya kuandika ni kubwa, unaweza kujaza ukurasa. Niliandika maneno mawili: "Marekebisho madogo." Yapo mpaka leo, na jina langu pembeni yake.

Kutoka Mjimwema hadi Ruhuwiko si safari. Ningeweza kwenda jioni yoyote, nikasimama katikati ya sebule, nikaimba. Mwaka wa kwanza niliona aibu, mwaka wa pili nikaona ameshasahau, na baadaye nikawa mtu mkubwa, nina programu nyingi, nafundisha vijana wa mikoa yote kwa maandishi, na mtu mkubwa anapata kazi ya kufanya kila jioni. Tulikuwa tunakutana sokoni. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Hapo basi.

Sasa niseme ya msibani. Ijumaa, siku moja kabla ya maziko, nilimkuta Mama Editha amekaa kwenye mkeka pamoja na akina mama wenzake. Nikampa pole. Nikamwambia, nikijiona natoa zawadi, kwamba niko tayari kuchapa daftari lote la marehemu, kila wimbo, kama alivyouandika, bila kugusa kitu.

"Daftari liko naye," akasema.

"Nani, Mama?"

"Mwenyewe. Ndani ya sanduku. Alisema liende naye." Akakunja pindo la khanga. "Ametunga nyimbo nyingi tangu ule mwaka wako. Hakuna iliyotoka humu ndani. Alikuwa ananiimbia mimi, tukimaliza anafunga daftari."



"Ile noti aliitafuta wiki tatu," akaendelea. "Nilikuwa napika yeye yuko kwenye kinanda, nafua yeye yuko kwenye kinanda. Siku alipoipata alikuja jikoni akanishika mkono. Wewe kuifuta ilikuchukua muda gani?"

"Sikumbuki, Mama," nikasema. Nilikuwa nakumbuka. Ilikuwa kidole kimoja, mara mbili.

Jumamosi kanisani wakaomba yeyote anayejua nyimbo za Mwalimu ajiunge na kwaya. Nikaenda kusimama na wanaume wa sauti ya tatu, karibu na jeneza. Osmundi ameshahama mji, na hao wengine wote walikuwa wageni kwangu. Walipoanza Ulinikuta Shambani kila mtu alikuwa anasoma kwenye simu yake. Sikuwa na simu mkononi, sikuihitaji. Tulipofika kwenye limenilemea wote wakapanda, nami nikashuka peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuiimba, ile aliyoniambia niimbe siku ile nikamjibu nina kazi za watu. Ilitoka na mikwaruzo lakini ilikuwa yenyewe, ta, chini ya wote.

Bwana mmoja wa kulia kwangu, mwenye shati jeupe na kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni, akaniegemea kwa adabu. "Mzee wangu, umepotea kidogo pale. Ni ti." Akanisogezea simu yake. "Angalia, imeandikwa."

Nikaangalia. Ilikuwa picha ya karatasi, imepigwa tena na tena kutoka simu hadi simu mpaka herufi zimeota ukungu, lakini mpangilio ule ulikuwa wangu. Ti ilikuwa pale nilipoiweka. Chini kabisa ya ukurasa paliandikwa Kwaya Safi, na jina langu.

"Ahsante," nikamwambia.

Ubeti wa pili nikaimba ta tena. Yule bwana akasogea nusu hatua pembeni, kama unavyompisha mtu mwenye kikohozi. Mama Editha, kwenye kiti chake kando ya jeneza, akainua kichwa. Akatafuta sauti inatoka wapi, akaniona, akaniangalia mpaka ubeti ulipokwisha, kisha akaugeuza uso wake kwenye sanduku. Wimbo nilikuwa nimeurudisha kwa mwenyewe. Wa kuandika herufi zake mbili pembeni alikuwa ameshafungiwa ndani na daftari lake.